Popo Arobaini wa Nini?

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu, mtu wa zoolojia, kwenye stoo ya taasisi moja hapa Dar es Salaam. Tulimkuta mhasibu na karani wake wakihesabu mali. Walikuwa wameshamaliza viti, feni na kompyuta mbovu, na sasa zamu ilikuwa ya makabati ya mitungi. Mhasibu akanyanyua mtungi wa popo waliolala ndani ya spiriti, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaurudisha taratibu. "Dokta, hawa wako arobaini na wote aina moja. Mmoja si anatosha? Hawa thelathini na tisa tuwaandike kama nini?"

Dokta akacheka, akaanza kujibu, simu yake ikaita. Jibu halijamfikia mhasibu hadi leo, nami nimekuwa nikiona aibu kidogo kwa niaba ya sayansi, kwa sababu swali lile ni zuri. Anayekagua fedha za umma ana haki ya kuelezwa kwa nini chumba kizima, chenye umeme, kufuli na mlinzi, kimekaliwa na wanyama waliokufa zamani.

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni "urithi wa taifa" au "faida ya vizazi vijavyo". Ni maneno matamu, lakini mhasibu hana safu ya kuyaandika. Nadhani hata neno letu lenyewe linatuponza. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa, na mtu hukumbushwa jambo alilokwisha kulijua. (Kwa konda wa daladala wa mji huu mambo ni mepesi zaidi: Makumbusho ni stendi.) Zile droo na mitungi zina kazi nyingine. Hujibu maswali ambayo siku mnyama alipowekwa mle hakuna mtu aliyekuwa amewaza kuyauliza.

Popo mmoja atakuonyesha popo wa aina ile anafananaje. Hawezi kukuambia kama yeye mwenyewe ni wa kawaida au ni kibushuti wa ukoo. Ukiwa na arobaini, madume na majike, wachanga na wazee, wa masika na wa kiangazi, ndipo unajua ukawaida unaanzia wapi na kuishia wapi. Ukiwa na arobaini wa mwaka 1974 na arobaini wa mwaka huu kutoka pango lile lile, unaweza kuuliza nini kimebadilika: ukubwa, chakula, vimelea, virusi. Na ili kujua kwamba ni pango lile lile unahitaji lebo, kile kipande cha karatasi kilichofungwa mguuni kwa uzi, chenye mahali, tarehe, mwinuko na jina la aliyemkamata. Ajabu ni kwamba lebo za penseli hudumu miongo na miongo, wakati za kalamu ya wino mbaya huyeyuka ndani ya spiriti zikawa wingu la bluu. Lebo ikipotea, kinachobaki ni mzoga uliohifadhiwa vizuri.

Mfano ninaoupenda zaidi uko hapa hapa nyumbani, na Watanzania wengi wa umri wangu waliusikia kwanza kama kichekesho: vyura wa Kihansi. Waligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa. Ni vyura wadogo wa rangi ya manjano. Hawatagi mayai majini kama wenzao, huzaa vitoto vilivyokamilika, na dunia yao yote ilikuwa hekta chache zilizoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua, ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Mitaani tukacheka kwamba chura kapata viza kabla yetu.

Waliobaki korongoni wakaongezeka hadi kukadiriwa kufika 20,000 katikati ya mwaka 2003. Miezi michache baadaye walikuwa wa kutafutwa kwa tochi, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Nani kawaua? Wako walionyooshea kidole bwawa. Wako waliosema bwawa lilipofunguliwa kusafishwa mwaka ule, maji yalishuka na tope lenye dawa za mashambani. Wengine wakataja kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura, ile iliyofyeka vyura katika mabara kadhaa. Kila upande ulikuwa na hoja, na jibu lolote lingekuwa na bei, kwa sababu kutoka kwenye jibu hilo ndiko zingetoka sera za bwawa linalofuata. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka kumi na tano.

Kilichousogeza mbele ni mizoga. Kuna watu waliookota vyura waliokufa wakati wa anguko lile wakawahifadhi, na kuna waliokuwa wamehifadhi wengine kabla ya anguko. Mwaka 2020 kikundi cha watafiti, akiwemo mwenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, kilichapisha matokeo ya kuwapima. Vyura wote waliopimwa kati ya wale waliokufa wakati wa anguko walikuwa na kuvu ile. Kati ya waliokusanywa kabla yake, hata mmoja hakuwa nayo.

Mrudie sasa mhasibu wetu. Chura mmoja mwenye kuvu asingethibitisha kitu. Angeweza kuwa nayo miaka yote bila kudhurika. Ilihitajika safu ya kabla na safu ya wakati wa msiba, kila mmoja na tarehe yake. Halafu tazama mpangilio wa miaka: chura wa Kihansi alijulikana kwa sayansi mwaka 1996, kuvu yenyewe ikapewa jina la kisayansi mwaka 1999. Hakuna aliyewahifadhi wale wa mwanzo kwa nia ya kutafuta kuvu hiyo. Matokeo haya hayalisafishi bwawa moja kwa moja, maana mgonjwa aliyenyang'anywa nyumba hufa haraka zaidi, lakini sasa tunabishana tukiwa na mwili wa marehemu mezani.

Kuvu hiyo hiyo imefuatiliwa nyuma zaidi kwa njia ile ile. Mwaka 2004 watafiti walichapisha uchunguzi wa vyura wa maji wa Afrika Kusini waliokuwa wamekaa kwenye mitungi ya makumbusho. Wa zamani zaidi aliyekutwa na kuvu alikuwa amekamatwa mwaka 1938.

Ziwa Victoria lina kesi inayofanana, na hii inawagusa hata wasiojali vyura, kwa kuwa ni habari ya kitoweo. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Alipofumuka, miaka ya 1980, mamia ya aina za furu, samaki wadogo wa ziwa hilo, yakaporomoka, na nyingi hazijaonekana tena. Kwa bahati, kuanzia mwaka 1977 kikundi cha Waholanzi kilikuwa Ghuba ya Mwanza kikivua furu, kuwapima na kuwahifadhi kwa maelfu, na sehemu kubwa ya mitungi ile iko Leiden, Uholanzi. Miaka ya 1990 baadhi ya furu walianza kurudi. Walipolinganishwa na ndugu zao wa mitungini, ikaonekana si wale wale kabisa. Matamvua yao yalikuwa yamepanuka, kana kwamba mwili umejirekebisha kwa maji yaliyopungukiwa hewa, na chakula chao kilikuwa kimebadilika. Haya yalitokea ndani ya miaka isiyozidi ishirini. Mvuvi wa Mwanza angeweza kukuambia furu wamerudi. Kwamba wamerudi wakiwa wengine, hilo lilihitaji mtungi.

Kwa nini mtungi wa furu wa Mwanza uwe Leiden, nitalifikia.

Kwanza kuna hoja ninayoisikia sana kwa vijana, nayo ina nguvu: siku hizi tuna kamera na vinasaba, ya nini kuua? Piga picha, chukua unyoya au kinyesi, mwache mnyama aende zake. Hapa mwalimu mzuri ni kipunji. Wawindaji wa mlima Rungwe walikuwa wakimtaja kima huyu muda mrefu kabla watafiti hawajamwona mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia kama aina mpya, maelezo yake yakiegemea picha kwa sababu hakukuwa na mwili, na hakuna aliyetaka kumuua mmoja kati ya wachache waliopo. Uamuzi wa kiungwana. Kwa sura akawekwa kwenye kundi la mangabei. Kisha kipunji mdogo akanaswa na kufa kwenye mtego wa mkulima, huko huko Rungwe. Mwili ukafika kwa wataalamu, fuvu likapimwa, vinasaba vikasomwa. Kumbe ni jamaa wa karibu wa nyani kuliko wa mangabei! Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima hai wa Afrika tangu mwaka 1923.

Picha ilijibu kwamba yupo. Mwili ulijibu ni nani. Mwili huo uliletwa na mtego wa mahindi, wala si bunduki ya mtafiti, nadhani watu wa pande zote mbili za ubishi huu wangelala vizuri zaidi wakilikumbuka hilo. Wanyama hufa kila siku kwenye mitego, barabarani, kwenye nyavu, na wengi wao wangeweza kuwa sampuli kama kungekuwa na mtu wa kuwapokea. Kwale wa Udzungwa aliingia kwenye sayansi mwaka 1991 baada ya watafiti wa Denmark kuona miguu ya ajabu ndani ya sufuria kambini. 

Nisijifanye, hata hivyo, kwamba wakusanyaji hawana damu mikononi. Mwaka 1844, kwenye kisiwa cha Eldey karibu na Iceland, jozi ya mwisho inayojulikana ya ndege mkubwa wa bahari asiyeruka ilinyongwa ili iuzwe kwa mkusanyaji. Waliohusika walijua kwamba ndege yule ni adimu, na uadimu ndio uliompandishia bei. Leo mtafiti anayeingia misitu yetu anahitaji vibali vya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na vya TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, anaandikiwa idadi, na akizidisha ana kesi. Ni sawa iwe hivyo. Ila huwa najiuliza mbona hasira yote humwangukia mwenye mtungi wa popo arobaini, wakati pori zima likigeuzwa mkaa hakuna anayeuliza lilikuwa na popo wangapi.

Nje ya kwetu mifano ni mingi, nitataja miwili mbio mbio. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alipima mayai ya kozi yaliyokusanywa na watu wa makumbusho pamoja na wakusanyaji binafsi. Akaona maganda yalianza kuwa membamba ghafla katikati ya karne ya ishirini, DDT, dawa ya kuua wadudu, ilipoanza kumwagwa mashambani. Mayai yale yalikusanywa na watu waliokuwa wakishindania uzuri wa madoa, basi. Na mwaka 2017 watafiti wawili wa Chicago walitoa matokeo ya kutazama weusi wa manyoya ya ndege zaidi ya 1,300 wa makumbusho, wa kipindi cha miaka 135. Masizi yaliyonasa kifuani yakawasimulia historia ya moshi wa makaa ya mawe, ikiwemo ya miaka ambayo hapakuwa na mashine za kupimia hewa.

Sasa nirudi Leiden, na Berlin pia, kwa sababu Mtanzania hawezi kuzungumza juu ya sampuli bila kufika Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Lindi. Zaidi ya tani 200 zikabebwa vichwani hadi bandarini na kupakiwa melini. Kiunzi kilichounganishwa kwa mifupa ile kimesimama Berlin kwa urefu wa zaidi ya mita 13, na kila baada ya miaka kadhaa tunaamka na hoja bungeni au magazetini: mjusi wetu arudi. Naielewa hasira hiyo, ila inanikera kwamba huishia kwenye mjusi mmoja aliyesimama. Sehemu kubwa ya mali ya Tendaguru ni mifupa ya kwenye rafu, ambayo watalii hawaipigi picha. Mwaka 2007 vipande viwili vya uti wa shingo kutoka kwenye mifupa ile vilitambuliwa kuwa dinosaria wa aina mpya, akaitwa Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, Mtanganyika aliyesimamia uchimbaji ule. Jina la Boheti lilisubiri karibu miaka mia. Ni watoto wangapi wa Lindi wanaolijua?

Kisa kingine ni cha bonde la Ruhuhu, kule Ruvuma. Miaka ya 1930 Mwingereza Rex Parrington aliokota mifupa michache huko, ikakaa kwenye droo za London na mingine Cape Town. Ilipochunguzwa upya na matokeo kutolewa mwishoni mwa mwaka 2012, mnyama akapewa jina Nyasasaurus, kwa ziwa letu. Huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu wa karibu wa dinosaria, mwenye umri wa takriban miaka milioni 243. Mwingine wa Parrington, Teleocrater, aliyeokotwa mwaka 1933, alitangazwa rasmi mwaka 2017. Huyu wa pili ana jambo linalonifurahisha. Kilichowezesha aeleweke ni mifupa zaidi iliyochimbwa Ruhuhu mwaka 2015, na mifupa hiyo mipya ina namba za Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mtu wa London au Chicago akitaka kubishana nayo, inabidi aje huku.

Hicho ndicho ninachokitaka kuliko mjusi wa Berlin. Anayeshika sampuli ndiye anayefikiwa, anayeshirikishwa, anayeandika, anayefundisha wanafunzi wake kwa kitu chenyewe badala ya picha ya kitabuni. Tulipoteza nafasi hiyo zaidi ya mara moja, na si kwa wazungu wa Ulaya tu. Hebaria, yaani mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa, iliyoanzishwa Amani, Usambara, mwaka 1902 ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na mpaka leo mimea mingi ya zamani ya milima yetu ukitaka kuishika unapanda basi la Namanga. Kwenye jengo la Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, lililofunguliwa mwaka 1940, tunalo fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa Olduvai, lililopatikana mwaka 1959, na wageni huja kutoka mbali kwa ajili yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hebaria na mkusanyiko wa wanyama. Kwa hiyo hatuanzii sifuri.

Ila mji huu ni adui wa sampuli. Joto na unyevu wa pwani hulea ukungu. Wadudu wala ngozi hawahitaji mwaliko. Spiriti hupungua mtungini kimya kimya kama maji ya mtungi wa bibi, na asipokuwepo mtu wa kupita kila mwezi na kuongeza, siku moja unakuta popo wakavu kama kahawa. Kazi hii haihitaji jengo la vioo. Inahitaji chumba kikavu, bajeti ndogo isiyokatwa katikati ya mwaka, na zaidi ya yote mtu. Mtunza sampuli akistaafu bila kuachiwa kijana wa kumrithi, mkusanyiko hufa hata kama mitungi iko palepale, kwa sababu nusu ya kumbukumbu ilikuwa kichwani mwake: safari ile ilipita njia gani, mwandiko huu ni wa nani, kijiji hiki siku hizi kinaitwaje.

Na kuna kuingiza kwenye kompyuta. Uchunguzi wa makumbusho makubwa 73 katika nchi 28, uliotolewa mwaka 2023, ulihesabu vitu bilioni 1.1, na ni asilimia 16 tu vilivyokuwa na kumbukumbu zinazoweza kutafutwa mtandaoni. Hao ni matajiri. Kwetu lebo moja iliyopigwa picha ya simu na kuandikwa vizuri ingekuwa tayari ni hatua, na ni kazi ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifanya wakati wa likizo kwa posho ya nauli.

Mwisho nina ombi moja dogo, la kunguru.

Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka, akavuka, na leo ndiye mwenye mji huu; anakula Feri, analala kwenye miembe ya Upanga, anawanyima ndege wengine mayai yao. Kampeni za kumpunguza kwa mitego na sumu zimekuja na kuondoka, na nyingine itakuja. Safari hiyo, kabla mizoga haijatupwa, watolewe arobaini. Kunguru hula tunachokula na kuvuta hewa tunayovuta. Unyoya wake hushika madini ya risasi, zebaki na masizi. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kunguru wa Kariakoo wa mwaka 1995, waliowekwa kwenye droo, wangetuambia watoto wa Kariakoo wa mwaka ule walivuta nini. Waliokufa mwaka huu watakuwa na ya kusema juu ya mkaa na gesi, plastiki, mafua ya ndege, na mambo mengine ambayo mimi na mhasibu hatujayasikia.

Arobaini kwa mwaka, droo moja. Wala spiriti haihitajiki: ngozi hukaushwa, hujazwa pamba, na mguuni hufungwa uzi wenye lebo. Iandikwe kwa penseli.